Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama Chetu cha Mikoko

Ndugu wanachama,

Ya kawaida mnayajua: ufuo tumesafisha mara nne, kitalu kimeezekwa upya, mizinga imetoa asali. Tuko 58, waliolipa ada ni 19. Kazi ya Machi walikuja watu saba, wawili wakiwa watoto wangu.

Sasa suala la miche. Nimesikia vibarazani kwamba nimeua chama kwa kukataa kupanda mikoko 3,000 kwenye tope lililo mbele ya mililana, ile aina ya mti wa msitu wetu inayosimama karibu zaidi na bahari. Nilikataa, na leo nakataa tena. Mwaka juzi tulipanda palepale. Bamvua la kwanza, yaani maji makuu ya mwezi mpevu au mwandamo, lilisomba nusu; iliyobaki ikagandwa na vigamba, vile vidudu vya bahari vyenye ganda, mpaka ikalala. Pale maji hufunika mara mbili kwa siku, na anayeyaweza ni mlilana. Mkoko wenyewe kwao ni nyuma yake, kisha aina nyingine, mkandaa, na kule juu kunakofikiwa na bamvua tu ndiko kwenye aina ya nne, michu yetu.

Michu hiyo ilikuwa inakauka imesimama. Mkondo unaopitisha maji ya bahari uliziba, maji yakiingia hayatoki, jua likayanywa, chumvi ikabaki. Wazee wanaikumbuka Mwache, hori ya kule Mombasa, baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998: udongo ulishuka ukafukia mizizi ya kupumulia, msitu ukafa bila kuguswa na shoka. Ndiyo maana hela nikazipeleka kwenye kufukua mkondo. Sh 46,000, zote zina risiti isipokuwa 3,200 za uji na mihogo ya wafukuaji.

Nendeni mkaone. Kaa wamerudi, nimechuchumaa mwenyewe nikahesabu mashimo 41 katika mita moja ya mraba. Kila shimo linapitisha maji na hewa, chumvi inaoshwa. Kaa huyohuyo anakula mbegu, sikatai. Hata hivyo miche 212 imejiotea, na mizizi ya michu iliyonusurika imeanza kukamata tope jipya. Hakuna mche hata mmoja uliodai posho.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, mkondo wa pili, mashua, na pengine ofisi.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti. Ada ni ileile, 500.

Mwenyekiti