Anza na kitako, mwanangu

Binti yangu mpenzi,

Sisi hatujambo. Mama yako anauliza kama chumba chako kina joto, mjibu upesi.

Barua yako nimeisoma yote. Nimefurahi mno kwamba umepokelewa uanagenzi wa kutengeneza bunduki huko London. Unasema unataka kwenda moja kwa moja kwenye nakshi. Mkono wako wa kuchora naujua tangu utotoni. Hata hivyo nakuomba, ukipewa nafasi ya kuchagua, omba kwanza meza ya kitako, ile sehemu ya mbao inayokaa begani.

Bunduki nzuri haitengenezwi na fundi mmoja. Kuna wa mitutu, wa mtambo, yaani chuma cha kufunga na kufyatulia, wa kitako, wa nakshi, na wa kumalizia, na kila kazi ina uanagenzi wake wa takriban miaka 5. Hapa Birmingham mtaa mzima uliishi hivyo: karakana hii kipande hiki, ile kipande kile, na vijana wakivibeba kutoka mlango hadi mlango. Sehemu kubwa ya mtaa huo ilibomolewa miaka ya 1960 kupisha barabara. Waliobaki na ujuzi ni wachache, ndiyo maana nafasi yako naiona kubwa.

Kwenye kitako utajifunza kuona. Mimi nilitoka Tanga nikiwa seremala wa mninga na mvule, lakini mjozi, mti wa vitako vya huku, ulinidai macho mapya. Chuma cha mtambo unakipaka masizi ya taa, unakikandamiza kwenye mbao, unakitoa. Palipopata weusi ndipo panapogusa. Hapo unaparua kwa patasi, wembamba wa ganda la kitunguu, kisha unapaka masizi tena, na tena, mpaka weusi uenee sawasawa. Ukiacha pengo nyuma ya mtambo, kila mlio chuma kitaupiga mti mahali palepale, na siku moja utapasuka shingoni.

Halafu kuna mwili wa mpigaji. Kitako hukatwa kwa urefu wa mikono yake, upana wa kifua chake, na jicho analolengea. Anayetumia bega la kulia hupindishiwa kitako kidogo upande wa kulia, ili jicho likae juu ya mstari wa mitutu. Ukimpima vibaya, atakosa ndege maisha yake yote na kujilaumu mwenyewe.

Mnakshi hupokea chuma baada ya kazi hizi nyingi, kikiwa bado laini, kabla hakijatiwa moto kukifanya kigumu. Patasi yake ikiteleza, imeharibu miezi ya jasho la wenzake. Nataka ulijue jasho hilo kabla hujakabidhiwa.

Jambo jingine, na hili ni zito. Chama cha mafundi bunduki wa London kilipata hati yake mwaka 1637, na nyumba ya kupimia mitutu ya hapa Birmingham ilianzishwa 1813. Huko mtutu hujaribiwa kwa mlipuko wa nguvu iliyozidi ile ya kawaida, ukistahimili hugongwa muhuri. Kwa sheria ya 1868, kuuza bunduki isiyo na muhuri halali ni kosa. Basi watakuletea bunduki ya babu, mitutu ya Damascus, vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa na kufuliwa pamoja, vina mawimbi ya kupendeza mno. Mingi ilipimwa kwa baruti nyeusi ya zamani tu, si kwa ya leo. Mwenyewe atataka kuitilia risasi za leo, atakuambia babu aliwinda nayo hadi kufa. Soma mihuri. Pima unene wa kuta za mtutu urefu wote, maana kutu na kusuguliwa kwa miaka huzila kutoka ndani. Usiporidhika, mwambie hapana, hata akikasirika, hata akiwa rafiki wa mwenye karakana. Uso utakaolipukiwa ni wake, na huenda ukawa wa mtoto aliyesimama pembeni.

Nijibu ni fundi gani utakaa naye meza moja, na kama bado anatumia masizi ya taa au rangi ya dukani.

Baba yako