Skrinishoti si risiti, na wazee wetu wafundishwe kuipiga

Mhariri,

Assalamu alaikum. Nina duka la kutoa nakala na kuchapisha barua hapa Langoni, Lamu, na kwa miaka 14 watu wameniita Mama Nakala. Nina kompyuta tatu, mashine moja, na benchi ambalo kila asubuhi hukaliwa na wazee wanaongoja kusomewa ujumbe wa simu. Naandika kwa sababu ya kilo 12 za kamba wa baharini.

Kaka yangu ni mvuvi wa Kizingitini. Mwezi uliopita alimuuzia mnunuzi mgeni kamba hao kwa Sh1,200 kilo, jumla Sh14,400. Siku hiyo mtandao ulikuwa ukija na kuondoka, jambo tulilolizoea visiwani. Mnunuzi akamwambia, "Kaka, pesa nimeshatuma, ni ujumbe wako tu uliochelewa. Hebu tazama." Akamwonesha skrinishoti, yaani picha ya kioo cha simu, kwenye simu yake, kisha akamrushia picha yenyewe kwa WhatsApp. Jina la kaka yangu limo, namba yake imo, kiasi kimo. Kamba wakapakiwa. Pesa hazijaingia mpaka leo, na ile namba haipatikani.

Siku ya pili yake alipanda boti akaja Amu, yaani mji wa Lamu, akaketi kwenye benchi, akanipa simu bila neno. Niliihamishia ile picha kwenye kompyuta nikaikuza. Ujumbe ulisema pesa zimetumwa saa 4 na dakika 12 asubuhi. Juu kabisa ya picha, pale penye alama ya betri, saa ya simu ilionesha saa 3 na dakika 47. Yaani picha ilipigwa dakika 25 kabla ya pesa kutumwa! Nikahesabu na namba ya muamala. Ya M-Pesa huwa na herufi na tarakimu 10 kwa jumla. Ile ilikuwa na 9. Kaka yangu alinitazama nikihesabu kwa kidole, akainamisha kichwa. Yeye ni mtu wa kujua upepo na maji. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba picha ya namna ile huhaririwa kwa dakika chache kwenye simu hiyohiyo iliyoipiga.

Babu yetu aliuza boriti za mikoko. Alikuwa na daftari lake, na kila mteja wake mkubwa alikuwa na lake. Mteja akija na daftari lake likisema "nimelipa", babu hakubishana naye wala hakumkubalia. Alifungua la kwake akatazama. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe ni la mwenye mali. Skrinishoti nami naiona hivyo. Ni kumbukumbu ya yule aliyeipiga, imsaidie yeye kukumbuka namba, tarehe, ahadi, njia ya kwenda mahali. Kwa yule anayeoneshwa, haijawa malipo. Muuzaji anayetaka kujua kama amelipwa afungue simu yake mwenyewe, apige *334# atazame salio. Mtandao ukiwa chini, samaki wangoje kwenye barafu. Najua barafu ni ghali na mnunuzi ana haraka, lakini haraka hiyo ndiyo iliyomla kaka yangu.

Sasa, Mhariri, nisieleweke kwamba naichukia skrinishoti. Kinyume chake, naumia kuona wanaoihitaji zaidi ndio wasioijua. Bibi mmoja hunijia na simu nzuri aliyoletewa na mwanawe kutoka Uarabuni. Hunambia, "Mwanangu, ndoo (njoo) unitizamie simu hini, yalikuwapo maneno hapa, sasa hayapo." Maneno yalikuwapo kweli. Lilikuwa tangazo la siku ya kliniki ya macho, likatumwa kwenye kundi la mtaa, likafuatwa na salamu za Ijumaa mia moja likazama. Angalijua vitufe viwili tu, angeliipata siku ile kwenye picha zake, kando ya picha za wajukuu.

Vitufe ni hivi. Simu nyingi za Android, bonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwasha na kile cha kupunguza sauti, kisha achia. iPhone zisizo na kitufe cha mviringo chini ya kioo, bonyeza kitufe cha ubavuni pamoja na cha kuongeza sauti. Zile za zamani zenye kitufe cha mviringo, bonyeza hicho pamoja na cha kuwasha. Kosa ninaloliona kwenye benchi langu kila siku ni kutangulia kitufe kimoja: ukitangulia cha sauti, sauti hupungua, ukitangulia cha kuwasha, kioo huzima, na mzee hudhani ameharibu simu. Huwaambia wavibane kama wanavyobana punje ya bizari, vidole viwili mara moja. Maneno yakiwa marefu kuliko kioo, Android za kuanzia toleo la 12, lililotoka 2021, nyingi huonesha alama ya kuongeza urefu chini ya picha mara tu inapopigwa. Ukiigusa unaweza kuburuta hadi mwisho wa ukurasa. Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, hana njia hii, na hapo kalamu na daftari vinabaki palepale vilipokuwa.

Kuna aliyekuja dukani akijua kupiga, na bado ikamletea taabu. Ni mama wa makamo, sitasema wa mtaa gani. Mumewe alimwandikia WhatsApp maneno mazito ya kuhusu ndoa yao, kisha akayafuta kwa wote wawili. Mama alikuwa ameshapiga picha, na akataka nimchapishie aende nayo kwa wakubwa wa ukoo, na ikibidi kwa Kadhi. Nilipoifungua nikaona mambo mawili. Jina lililokuwa juu ni "Baba Watoto", kwa sababu ndivyo alivyomwandika kwenye simu yake. Namba haikuonekana popote. Jina lililo juu ya mazungumzo ni lile alilolitia mwenye simu, na mimi naweza kuandika namba ya jirani yangu kwa jina la mtu yeyote duniani. Tena tarehe: juu ya maneno paliandikwa "Jana". Picha ilikuwa na wiki tatu. Jana ya lini?

Mume akasema si yeye. Mama akalia dukani kwangu, nami sikuwa na la kumfaa ila kumpa maji na kumfungia mlango asionwe na wapitao. Ndiyo maana sasa kila msichana anayeketi mbele yangu namwambia: ukipiga picha ya maneno ambayo huenda ukayahitaji, gusa lile jina juu ili namba itokee, upige na hiyo. Piga na maneno ya kabla yake na ya baada yake, ili asije mtu akasema umekata katikati. Tarehe ikiwa imeandikwa "Leo" au "Jana", iandike kando siku ileile. Na mazungumzo yenyewe usiyafute kwa sababu eti una picha! Wengi hufanya hivyo ili kupunguza mzigo wa simu. Wakili mmoja huja kuchapisha hati zake hapa, naye alinieleza kuwa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye kifaa ifuatane na cheti cha kueleza ilivyotolewa na ni kifaa gani. Mwenye kusaini cheti awe ndiye mwenye dhamana ya kukiendesha kifaa hicho au ya kusimamia kazi iliyofanywa nacho. Ukiwa umeuza simu, au umepewa picha na shangazi aliyepewa na jirani, hapo kazi inakuwa ngumu.

Liko pia la kuonesha kuliko ulivyokusudia. Mzee wa Mkomani, mstaafu, mtu wa heshima zake, aliulizwa kwenye kundi la ukoo kama karo ya mjukuu imelipwa. Akapiga picha ya ujumbe wa malipo akaituma. Ujumbe huo hutaja pia salio lililobaki, na siku hiyo ndiyo ilikuwa imeingia pensheni yake. Kabla ya Magharibi watu wanne walikuwa wamempigia simu kumweleza shida zao. Alinijia kesho yake akaniuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana kuiondoa picha iliyokwisha kuonwa. Nikamwambia haiondoki machoni mwa watu. Kumbe angekata tu kuanzia pale penye salio kabla ya kutuma. Kitu cha kukatia kiko palepale kwenye picha, chenye alama ya pembe mbili zilizopishana. Nilimfundisha, akajifunza kwa dakika tano, na sasa ndiye anayewafundisha wenziwe barazani.

Kwenye kompyuta kuna mtego wake. Vijana huja kujaza fomu, za cheti cha tabia njema, za kodi, za kuomba kazi za kaunti. Mwisho wa fomu hutokea ukurasa wenye namba ya kumbukumbu, na ukurasa huo ukifungwa huenda usirudi. Msichana mmoja wa Matondoni alibonyeza kitufe kilichoandikwa PrtSc, akaridhika, akafunga kila kitu akaenda zake. Wiki mbili baadaye akarudi kutafuta picha yake. Haikuwapo, wala haikuwahi kuhifadhiwa. Kwenye kompyuta nyingi za Windows, hasa Windows 10 na za kabla yake, kitufe hicho peke yake hunakili tu kioo na kukishikilia kwa muda. Mpaka ufungue Word au Paint ubandike kwa Ctrl na V, kisha uhifadhi. Ukitaka ijihifadhi yenyewe, bonyeza kile kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na PrtSc, nayo utaikuta kwenye folda ya picha. Ukitaka kipande tu, ni kitufe cha dirisha, Shift na S. Kwenye Mac, Command, Shift na 3 hupiga kioo kizima, na ukitia 4 badala ya 3 unachagua kipande. Nimeyabandika haya ukutani kwa maandishi makubwa, lakini yule binti hakuwa amegeuza uso, nami sikuwa nimemkumbusha. Kazi ile aliikosa kwa kukosa namba ya kufuatilia, na jambo hilo limenikaa moyoni.

Tena, mwenye kupiga picha kwenye kompyuta ya duka akumbuke kwamba picha hubaki dukani. Kila jioni kabla ya kufunga hufungua ile folda. Nakuta humo vitambulisho vya watu, pasipoti, barua za hospitali, mara moja hata cheti cha talaka. Huvifuta vyote na kumwaga pipa la taka la kompyuta. Sijui kila mwenye duka kama langu anafanya hivyo, na sina haki ya kumsema mtu. Basi mteja ajifutie mwenyewe kabla hajainuka kitini.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni pembe moja ya ukurasa kila wiki. Andikeni mambo haya kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa michoro mikubwa, mzee aweze kulikata gazeti akalibandika jikoni. Simu nyingi zinazoletwa huku huja na menyu za Kiingereza, na mabinti zetu wanaojua hawana subira ya kurudia mara ya tatu. Mzee akiuliza mara ya tatu huambiwa "nipe nikufanyie". Akishafanyiwa, amebaki palepale, na siku akija mgeni na picha yake ya uongo, ataiamini kwa sababu kwake picha yoyote kwenye simu ni jambo la ajabu lisilofanywa na mkono wa mtu. Anayejua kuipiga, kuikata na kuandika juu yake kwa wino mwekundu, huyo anajua pia kwamba hata mwenzake anaweza.

Na kwa ofisi, na shule, na wenye mabasi, wanaowaambia watu "tuma skrinishoti": ichukueni ile namba ya muamala mkaitafute kwenye hesabu zenu wenyewe. Picha iwaelekeze tu pa kutazama. Msimrudishe mama aliyelipa kwa sababu simu yake ni kabambe na hana picha. Ujumbe wake uko ndani ya simu hiyo, namba ya muamala yenye herufi na tarakimu zote 10 iko pale, anaweza kuwasomea dirishani.

Kaka yangu amerudi baharini. Nimemwandikia *334# kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kifuniko cha sanduku lake la barafu. Wavuvi wenziwe watatu wamekuja nami niwaandikie kwenye ya kwao, na Alhamisi baada ya Alasiri nitakuwa Kizingitini, inshallah, karibu na gati. Mwenye simu aje nayo ikiwa na chaji.

Mama Nakala,
Langoni, Lamu