Michoro ya mashabiki isiwe matangazo ya bure

Mhariri,

Naandika kuhusu hii michoro ya mpira iliyojaa Kampala, kwenye kuta za vibanda vya kuonyeshea mechi, kwenye boda, na kwenye mabango ya mashabiki. Vijana wetu wana mkono mzuri sana jamani, ila karibu kila jezi wanayochora imebeba jina la mdhamini. Emirates kwenye jezi ya Arsenal sina shida nayo, ndo jezi ilivyo tangu 2006, lakini kuna timu zinavaa kampuni za kubeti kifuani na kijana anaichora hivohivo ukutani bila kulipwa hata shilingi, na watoto wanapita hapo wakienda shule wanalisoma hilo jina kila asubuhi, wakati sheria yetu ya 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kubeti. Uingereza kwenyewe klabu za ligi kuu zilikubaliana 2023 kuondoa kampuni za kamari mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26, sasa sisi kwa nini tuendelee kuzipigia debe kampuni hizo ukutani?

Naomba klabu zetu, Villa, Express, KCCA, Vipers na wengine, zikisaini na mdhamini ziandike kabisa kwamba sanaa ya mashabiki haimhusu, halafu ziwape wachoraji ukuta na rangi pale uwanjani. Na nyie wachoraji, kifua kiacheni wazi, mchoreni jogoo wa Villa au tai wa Express, huyo ndo wetu.

Shabiki, Kampala