Shukrani kwa dada wa ultrasaundi

Dada uliyenipima Mwanza, jina lako sikulipata, ila naomba salamu hizi zikufikie. Nilikuja kuangaliwa mtoto tu. Ulipoona kwenye kadi kwamba wa kwanza alikuwa njiti, ukaomba ruhusa unipime pia urefu wa mlango wa kizazi, kwa kipimo cha ndani. Ukaweka alama mbili kwenye kioo, ukarudia, ukanionyesha: milimita 19. Ukanieleza kuwa chini ya 25 kabla ya wiki ya 24, uchungu unaweza kuja mapema. Ukanishika mkono hadi kwa daktari, nikaanzishiwa projesteroni, homoni ya kusaidia kuzuia uchungu wa mapema, ya kuweka ukeni kila usiku. Binti yangu alitimiza wiki 38 tumboni. Laiti kila aliyewahi kujifungua njiti angepimwa hivi! Mungu akuzidishie, dada yangu.