Msitu wa mawingu: someni kabla ya kufunga mabegi

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunakwenda kutazama ndege kwenye msitu wa mawingu, yaani msitu wa mlimani unaofunikwa na ukungu mara kwa mara. Tunaingia saa 12 kamili asubuhi, na hilo halina mjadala: ndege huimba zaidi kukipambazuka, na ukungu ukishatanda humwoni hata aliye hatua kumi mbele yako.

Huko juu maji hayatoki kwenye mvua peke yake. Ukungu hunasa kwenye majani na kwenye kuvumwani (utando unaoota juu ya magome), hugeuka matone, hudondoka. Ndiyo maana mashina yamevaa kijani mpaka juu, na maua ya okidi yanaota matawini bila kugusa udongo. Kwa hiyo njooni na koti la mvua, sweta na buti zisizoteleza. Darubini zikae ndani ya koti, na kitambaa kikavu cha kufutia lenzi.

Pakiwa kimya msikate tamaa. Ndege wa aina mbalimbali huandamana kundi moja wakisaka wadudu. Ghafla mti mzima unachangamka, dakika mbili wameshapita. Simameni tuli, macho juu.

Nawasihi sana, mtu asicheze milio ya ndege kwenye simu ili kuwavuta. Ndege mwenye makinda huacha kiota akamkabili mvamizi ambaye hayupo, na makinda hubaki kwenye baridi.

Asiyeweza kuja aniambie leo.