Mwanangu, nunua gauni la mwili ulio nao

Morogoro, 19 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku wazima, na mguu wa baba yako unaendelea vizuri. Picha ya gauni lako la harusi nimeiona, nikaikuza mpaka nikasoma lebo. Gauni ni zuri, sikatai. Lesi imelala vizuri kifuani, mkia haujazidi, na hiyo rangi ya maziwa itakupendeza kuliko nyeupe kavu. Macho unayo, hilo nalijua. Kilichoninyima usingizi ni ile namba 12, na maneno uliyoandika chini yake: "Mpaka Desemba nitakuwa nimeingia." Wewe unavaa 16, mama. Hilo gauni umelilipia advansi kwa ajili ya mtu ambaye bado hayupo.

Tupige hesabu kwanza, kugombana tutagombana baadaye. Namba ya gauni la harusi si namba ya sketi ya dukani. Magauni haya hukatwa madogo, 12 yake mara nyingi inamwenea mtu wa 10, na yakitoka viwanda tofauti hayafanani hata kama lebo ni moja. Kwa hiyo lebo achana nayo, pima nguo. Rudi dukani, funga zipu, laza gauni juu ya meza, pima kiuno kutoka mshono wa ubavu huu hadi ule, kisha zidisha mara mbili. Mimi nakisia utapata inchi 29. Kiuno chako ni 34. Na nguo ya kushinda nayo siku nzima inataka angalau inchi 1 ya kupumulia, kukaa na kula, kwa hiyo ili uivae hiyo unahitaji kiuno cha 28. Hizo ni inchi 6, yaani sentimita 15. Kwa makadirio ya haraka, kilo 1 ikiondoka huenda na sentimita 1 hivi ya kiuno. Basi unatafuta kilo 15. Mwendo usioumiza mtu ni nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki. Kutoka leo mpaka harusi, tarehe 12 Desemba, ni wiki 12, na vipimo vya mwisho vya gauni lazima vichukuliwe wiki 3 kabla, kwa hiyo wewe unazo 9. Ukijitahidi sana, kilo 9. Hata nikikupendelea kwenye hesabu, hufiki.

Rudi ukabadilishe. Najua wana lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi", lakini wewe hujamaliza kulipa na gauni halijatoka dukani. Usiombe pesa, omba namba nyingine ya mshono uleule. Mwenye duka anayetaka kumalizia mauzo yake atakusikiliza. Nenda katikati ya wiki asubuhi, usiende Jumamosi Kariakoo imefurika na yeye ana wateja kumi mlangoni.

Ukishika namba nyingine, chagua kwa sehemu yako iliyo pana kuliko zote, halafu kwingine kote kutapunguzwa. Kwa gauni linalobana mpaka magotini kisha likafunguka kama mkia wa samaki, tazama hipsi. Wewe ni 44, basi gauni lisipungue 45, la sivyo hutakaa kwenye kiti cha kanisa. Kwa lile linalobana juu na kuachia kuanzia kiunoni, hipsi haina neno, tazama kifua. Kwa mtu anayepunguza mwili mimi ningechukua hilo la pili bila kufikiri mara mbili, kwa sababu sehemu za kugusa ni chache: kifua na kiuno tu. La mkia wa samaki lazima likae sawa kifuani, kiunoni, tumboni, kwenye hipsi na mapajani, na mwili haupungui kwa usawa sehemu zote hizo.

Nguo kubwa kuipunguza ni kazi ya fundi. Nguo ndogo kuiongeza ni kazi ya kuomba Mungu. Geuza gauni lolote la dukani ndani nje, utazame mshono wa ubavu. Utakuta kitambaa cha akiba nusu inchi kila upande, na wakati mwingine ovaloki imeshakikata kikawa pungufu ya hapo. Robo inchi lazima ibaki kushika uzi. Robo inayosalia, pande mbili za mshono, ni nusu inchi. Mishono ya ubavu ni miwili, kwa hiyo gauni zima linakupa inchi 1. Wewe unataka 6. Na kama ni satini, ukifumua mshono matundu ya sindano yanabaki, ule mstari wa zamani unaonekana kama kovu, na kamera haiufichi. Lesi inasamehe zaidi kwa sababu maua yanafunika. Krepu haisamehi kabisa.

Kupunguza nako kuna mwisho wake. Namba 2 zinawezekana, yaani inchi 4 hivi kwa mzunguko. Ukizidisha hapo, makwapa yanapanda, shingo inasogea, maua ya lesi ya kushoto hayakutani tena na ya kulia, na vile vijiti vya plastiki vinavyosimamisha kifua vinahama mahali pake na kukuchoma ubavuni. Kwa hiyo gauni linalokuenea leo litakufuata mpaka upungue kilo 8 au 9 bila kuharibika. Ndiyo maana nakwambia nunua ya mwili ulio nao. Ukipungua, tutashukuru na kushona. Usipopungua, utaolewa ukiwa umevaa.

Kama lina shanga, muulize mtu wa dukani zimeshonwa moja moja au zimefuatana kwenye uzi mmoja. Zikiwa kwenye uzi mmoja, ukikata pale ubavuni zinamwagika mstari mzima. Fundi lazima afunge fundo kila upande kabla ya kukata, atoe shanga zote nusu inchi kuzunguka mshono, atenganishe bitana, apige bandi, yaani mshono wa muda wa mkono, ulivae, ndipo apitishe mashine. Akipitisha mashine juu ya shanga sindano inavunjika na kipande kinaruka usoni. Baadaye anazirudisha moja moja kwa mkono. Hiyo ni siku mbili, si saa mbili, na fundi atakayekwambia saa mbili mkimbie.

Ningependa nyuma pawe pa kamba badala ya zipu. Kamba za kupitisha kwenye vitanzi zinakupa inchi 3 hata 4 za kukaza au kulegeza asubuhi yenyewe ya harusi, hata kama umevimba kwa ajili ya siku zako. Kama ulilolipenda ni la zipu, linageuzwa: zipu inatolewa, vitanzi vinashonwa kingo zote mbili kwa utepe mgumu chini yake ili visichanike, na ndani kinawekwa kipande cha kuziba mgongo. Kitambaa cha hicho kipande tunakikata kwenye mkia. Kazi hii naijua, na sijui kwa nini hukuniuliza kabla ya kwenda dukani.

Au najua. Niliyekuwa nikitaja namba zako kwa sauti wateja wakisikia ni mimi, si jirani. Na lile neno nililokwambia stendi, Pasaka. Haya.

Kwa hiyo sikukatazi kupungua. Ukitaka kupungua, pungua, lakini uwe na gauni linalokuenea tayari limetundikwa ukutani, uone kama hutalala vizuri. Sahani yako igawe hivi: nusu mboga, mchicha au kabichi au figiri, robo ugali wa ukubwa wa ngumi yako, robo samaki au maharage. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Soda na sukari ya chai ndivyo vya kwanza kuacha, vinatoka bila maumivu. Chapati si dhambi, moja. Tembea dakika 40 kila siku, hata ukishuka daladala vituo viwili kabla inatosha. Usiache kula usiku ukakaa na njaa, maana kesho yake saa nne utajikuta kwenye vitumbua.

Vidonge na chai za kupunguza tumbo, hapo nakukataza kabisa. Mama yako mdogo wa zahanati anasema nyingi ni za kuharisha na kukojoa tu. Unapungua maji kilo 2, ukinywa maji zinarudi. Na vidonge vingine vya aina hiyo vimekutwa vimechanganywa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Hawaiandiki kwenye kopo.

Jipime kila baada ya wiki 2, asubuhi kabla ya kula, na si siku zako wala wiki inayotangulia, kwa kuwa mwili unashika maji na utakata tamaa bure. Pima kifua, chini ya kifua, kiuno na hipsi, uniandikie. Sitasema kitu, nitaandika tu kwenye daftari. Usishangae kifua kikitangulia kupungua, kwa wengine huwa hivyo, na mabega hayapungui hata ukonde namna gani. Ndipo vikombe vya gauni vinabaki vitupu na kukunjamana. Gauni lisilo na mikono huwa halishikwi na kifua, linashikwa na kiuno. Kwa hiyo ndani tutaweka utepe mgumu wa kiuno wenye ndoano zake, unafungwa kwanza kabla ya zipu au kamba, na gauni halishuki hata ucheze mpaka asubuhi. Ukiona bibi harusi anavuta gauni juu kila baada ya dakika 5, ujue huo utepe haupo. Na ulizia parokiani kuhusu mabega wazi. Kama hawataki, tunashona mikono ya lesi ya kuvaa na kuvua.

Uje huku Jumamosi ya mwisho ya Oktoba kujaribu mara ya kwanza, usirekebishe chochote kabla ya hapo. Kila anayepunguza gauni mapema hulipunguza mara mbili. Mara ya pili uje tarehe 21 Novemba, na kuanzia siku hiyo acha kupungua, kula kawaida, baki hapohapo ulipo. Wiki hizo 3 za mwisho ndizo wanazoharibu wengi. Uje na viatu vyenyewe, sidiria yenyewe, taiti ya kubana tumbo kama utavaa, na gagulo. Upindo wa chini ndio wa mwisho kushonwa, na bila kiatu hakuna upindo. Hapa nyumbani utakaa, utapiga magoti, utanyoosha mikono kama unamkumbatia mtu mrefu, utapanda ngazi za uani. Likivumilia hayo, limepita.

Gauni la sendoff usihangaike nalo, kile kitenge ulichoacha Pasaka nimekikata. Nimekikata kwa vipimo vyako vya sasa na kuacha inchi nzima ndani ya mishono, juu na chini.

Mengine. Sendoff isogezwe, kamati wameipanga mdogo wako akiwa katikati ya mitihani ya kidato cha nne, na yeye hawezi kusoma na maturubai yakifungwa dirishani. Mwambie mwenyekiti wewe, mimi wamenizoea. Mchele tumepata wa Kyela magunia 2, uko chumbani kwako juu ya mbao, kwa hiyo ukija utalala na mimi. Bati la jikoni linavuja palepale. Baba yako anasema suti ya mwaka ule inamtosha. Haimtoshi, kifungo hakifiki tundu, lakini naye anasema mpaka Desemba atakuwa ameingia. Sijui umeyatoa kwake hayo maneno au yeye ameyatoa kwako.

Ukishabadilisha gauni, kabla hujaondoka Kariakoo nichukulie utepe mgumu wa upana wa inchi 1, mita 2. Vitanzi vya satini rangi ya maziwa, mita 3. Sindano za mashine namba 11, pakiti 2, hizi za namba 14 zitatoboa satini matundu makubwa. Na uzi wa poliesta rangi ya maziwa. Ulinganishe na gauni lenyewe nje kwenye mwanga wa jua, taa za dukani zinadanganya. Na futi moja mpya. Hii yangu imevutika, inakosea nusu inchi.

Nipigie ukiwa dukani, gauni likiwa bado mezani.

Mama yako