Yah: Malalamiko kuhusu ziara ya siku moja Firenze, Jumatatu tarehe 12 Mei 2025

Unguja,
26 Mei 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mmoja wa wateja 14 mliowapeleka Italia mwezi huu. Kuhusu siku za Roma sina neno. Ninachowaandikia ni ile siku ya Firenze, ambayo mimi na baba yangu tuliilipia mbali na gharama za safari nzima, shilingi 620,000 kila mtu. Risiti yenu ninayo, na nakala yake nimeiambatisha.

Baba ana miaka 71 na ni fundi wa milango ya nakshi. Amechonga msaji na mfenesi tangu hajaota ndevu, na vidole vyake vina makovu ya patasi. Aliposoma kwenye ratiba yenu kwamba tutaona sanamu ya Daudi ya Michelangelo, picha za jumba la Uffizi na Mlango wa Peponi wa Ghiberti, alitoa akiba yake mwenyewe na akakataa katakata nimlipie. Naomba mlijue hilo kabla ya mengine.

Tuliondoka Roma kwa basi saa moja asubuhi, tukafika Firenze karibu saa tano. Kiongozi wenu wa msafara alitupeleka kwanza Accademia, anakokaa Daudi. Tulikuta pamefungwa. Akasema wafanyakazi wamegoma. Mlangoni palikuwa na tangazo, na hata asiyejua Kiitaliano angeelewa kwamba linataja siku ya mapumziko ya kila wiki. Accademia hufungwa kila Jumatatu. Uffizi vilevile. Ninyi ndio mliochagua Jumatatu, mkaipangia majumba hayo mawili, mkapokea fedha. Hapakuwa na mgomo wowote.

Hilo peke yake lingetosha kunifanya niandike, lakini silo lililoniumiza zaidi.

Kutoka hapo tulipelekwa uwanja wa Piazza della Signoria. Kiongozi akanyosha mkono mbele ya Palazzo Vecchio akasema, "Daudi huyo hapo, pigeni picha." Watu wakapiga picha. Yule ni nakala, Ndugu Meneja. Daudi mwenyewe aliondolewa uwanjani mwaka 1873 ili asiharibiwe na mvua na jua, na nakala ikasimamishwa pale mwaka 1910. Kiongozi hakulitamka neno nakala hata mara moja.

Kisha tukaenda kwenye nyumba ya ubatizo inayotazamana na kanisa kuu, penye Mlango wa Peponi. Baba alisogea hadi kwenye uzio wa chuma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alitazama muda mrefu. Halafu akamwambia kiongozi kwa upole, "Mwanangu, mlango huu ni mpya. Kingo zake bado kali, na dhahabu yake inang'aa sawasawa kila pembe. Mlango wa mamia ya miaka hauwi hivi." Kiongozi akamjibu mbele ya watu wote, "Mzee, hawa si sisi, wanajua kutunza vitu vyao. Huo ndio wenyewe." Baadhi ya wenzetu wakacheka. Baba akanyamaza, na hakusema neno hadi tulipofika hotelini usiku.

Baba alikuwa sahihi. Mlango unaoonekana pale nje ni nakala, na umekuwepo tangu mwaka 1990. Ule ambao Ghiberti aliufanyia kazi kuanzia mwaka 1425 hadi 1452 ulipigwa na mafuriko ya tarehe 4 Novemba 1966, maji yakang'oa baadhi ya vibao vyake; ukarabati wake ulichukua miaka 27. Sasa umewekwa kwenye makumbusho ya kanisa kuu, nyuma ya kanisa hilohilo, mwendo wa dakika mbili kutoka pale tuliposimama. Na makumbusho hayo Jumatatu ile yalikuwa wazi! Badala ya kutuvusha huko, kiongozi alitupeleka kwenye duka la mikoba ya ngozi, tukakaa saa moja na nusu. Kanisa la Santa Croce, alikozikwa Michelangelo, tuliliona kwa nje tu, tukiwa njiani kurudi kwenye basi.

Kuhusu kupanda kuba la kanisa kuu, lile alilolijenga Brunelleschi, ofisi yenu iliniambia kwa simu kwamba kuna lifti. Hakuna. Ni ngazi 463, na nafasi hukatwa mapema kwa saa maalumu. Ninyi hamkuwa mmekata.

Kesho yake, siku mliyotupa mapumziko, nilikata tiketi za treni kwa fedha yangu nikamrudisha baba Firenze. Treni ilichukua saa moja na nusu tu. Accademia alisimama chini ya Daudi, mita 5.17 za marumaru, akauangalia mkono wa kulia, mishipa yake, kucha zake. Akaniambia jiwe lile mafundi wengine walikuwa wameshalianza wakaliacha, na kijana wa miaka 26 akalichukua. Makumbusho ya kanisa aliinama mbele ya kioo cha Mlango wa Peponi, akaniita nione mahali dhahabu ilipokwaruzika. "Huu sasa umeishi," akasema. Nilishukuru Mungu kwamba hakurudi Unguja akiamini macho yake yamemdanganya.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mturudishie shilingi 1,240,000 tulizolipia siku hiyo; nauli ya treni siwadai. Mwondoe Accademia na Uffizi kwenye ratiba za Jumatatu, na mwandike wazi kipi ni asili na kipi ni nakala. Na mumwandikie baba yangu barua ya kumwomba radhi, kwa jina lake, mkikiri kwamba alilosema mbele ya ule mlango lilikuwa kweli. Hili la tatu ndilo ninalolisimamia kuliko fedha.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, pamoja na risiti, ratiba yenu na picha niliyoipiga ya tangazo la mlangoni.

Wenu,
Z. M.